Baba Alipopeleka Pikapu kwa Shemeji

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Kila asubuhi, pikapu ya baba yake ilipovuka tuta lililo mbele ya gereji, mguu wa mbele wa kushoto ulitoa mlio: ngo, halafu kimya kifupi, halafu ngo nyingine nyepesi. Mpita njia asingeusikia. Dada Fundi aliusikia hata akiwa ndani ya shimo, kichwa kikiwa chini ya lori la mchanga, na kila alipousikia roho ilimuuma, kwa sababu pikapu haikukata kona kuingia kwake. Ilinyoosha moja kwa moja hadi gereji ya shemeji yake, mwendo wa dakika tano mbele.

Watu wote walimwita Dada Fundi, hata wale wenye umri wa kumzaa. Alikuwa na miaka arobaini na minne, na ishirini na minane kati ya hiyo alikuwa ameimalizia humo humo gerejini kwa baba yake. Alianza kwa kushika taa na kuosha nati kwa dizeli. Akaja akapewa breki, akapewa klachi, na mwishoni kabisa, baada ya kuombwa na kubembelezwa sana, baba akamfundisha miguu ya mbele. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi iliyompa mzee jina. Aliitwa Mzee Kelele. Mwenyewe alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini. Jina lilitokana na kelele za magari ya watu, ambazo hakuna aliyejua kuzifukuza kama yeye. Mteja aliambiwa aendeshe polepole kuzunguka uwanja, mzee akasimama katikati amefumba macho, kisha akanyoosha kidole. "Bushi ya nje, kulia." Wakifungua, ni hiyo hiyo.

Magoti yalipomchosha akamkabidhi binti yake funguo. "Mama, gereji ni yako sasa. Mimi nitakuwa nakuja kunywa chai tu."

Na kweli alikuja, kila siku ya Mungu, kwa miaka minne. Alikaa kwenye kiti chake cha bati karibu na meza ya vaisi, ile koleo kubwa ya kubania vyuma, akachokoza wateja, akakosoa kila bolti. Dada Fundi alilalamika kwamba mzee anamkalia kichwani. Hakujua kwamba angekuja kuyatamani malalamiko yale.

Shemeji yake ndiye aliyeharibu mambo, au hivyo ndivyo alivyoliona jambo. Huyu alikuwa mume wa mdogo wake wa pekee, kijana mtanashati aliyesomea umeme wa magari chuoni. Watu walimwita Kompyuta, maana hakugusa gari kabla hajachomeka kifaa chake na kusoma kwenye kioo gari linaumwa nini. Alipofungua gereji yake, aliweka vigae sakafuni, lifti ya kuinulia magari, na sofa ya ngozi kwa ajili ya wateja. Siku ya ufunguzi Dada Fundi alisifia kila kitu, hadi rangi ya mapazia. Akarudi nyumbani na kichwa kinamgonga, akamwambia mumewe kwamba fundi mwenye ovaroli safi ni fundi asiyefanya kazi.

"Labda anaifua," mumewe akasema.

Hakusemeshwa hadi chakula kilipoiva.

Mzee alianza kwenda kule mara moja kwa wiki. Ikawa mara mbili. Ikafika mahali kiti cha bati kikaanza kuwekewa matambara ya mafuta, kwa kuwa hakikuwa na mwenyewe. Dada Fundi alijipa moyo kwamba ni ile sofa tu, magoti ya mzee yanapenda kulala laini. Kisha siku moja mdogo wake akapita kumsalimia, na katika kuzungumza hili na lile akasema, "Mume wangu ana pikapu ya Baba. Eti kuna mlio mguu wa mbele."

Dada Fundi aliweka spana chini. "Mguu wa mbele? Baba kampelekea mumeo mguu wa mbele?"

"Si wewe una kazi nyingi, dada? Baba alisema asikusumbue."

Asikusumbue. Baba angempelekea Kompyuta taa, au redio, au hata injini, yeye asingesema kitu. Lakini miguu ya mbele ilikuwa yao, yeye na baba yake, na gari lenyewe ni lile alilojifunzia kazi akiwa amelala chali juu ya gunia.

Kuanzia siku hiyo akawa mpelelezi. Taarifa alizipata kwa mama muuza vipuri wa kona, mwanamke mnene mcheshi aliyewauzia wote wawili na asiyeweza kukaa na jambo moyoni.

"Shemeji yako kachukua shokapu mbili za mbele," alisema wiki ya kwanza.

Asubuhi iliyofuata Dada Fundi alisimama getini akijifanya anapanga matairi. Pikapu ikaja, ikapanda tuta, ikashuka. Ngo. Halafu ngo. Akarudi ndani akitabasamu peke yake, na siku hiyo alifanya kazi akiimba.

Wiki ya pili zilikuwa bushi za stabilaiza, mipira inayoishika ile nondo inayozuia gari lisilale upande kwenye kona. Ngo. Wiki ya tatu zikawa boljointi, viungo vinavyoliwezesha gurudumu kugeuka. Muuza vipuri alimsogelea kabisa. "Na hizi alizichagua mwenyewe, akazigeuzageuza kama anayenunua embe."

"Atabadilisha hadi usukani," Dada Fundi akasema, "na lile gari litamgongea vile vile."

"Kwani wewe unajua ni nini?"

"Linki ya stabilaiza, ya kushoto. Naisikia kutoka hapa."

"Si umwambie?"

"Ameniuliza?"

Alijua kwamba anachofanya ni kijicho. Hakuhitaji kuambiwa. Alipokuwa akilala aliona picha ya baba yake kwenye ile sofa, Kompyuta akimmiminia chai, wote wawili wakicheka jambo ambalo yeye hakualikwa kulicheka. Akawa anatunga maneno ambayo mzee angeyasema siku atakaporudi kwake kichwa chini: Mama, nilikosea, kazi hii anaijua mmoja tu. Aliyatunga mara nyingi kiasi kwamba aliyajua kwa moyo, pamoja na mahali pa kupumua.

Basi ikawa siku moja mdogo wake akaja tena, safari hii akiendesha ile pikapu yenyewe. Alikuwa na biashara ya kukodisha viti na maturubai, na gari lake dogo lilikuwa halitoshi mzigo, hivyo akaazima la baba. Nyuma kulikuwa na viti vya plastiki vimepangwa hadi juu.

"Dada, hili gari nikifunga breki linanivuta kushoto," alisema, bado akiwa ameketi nyuma ya usukani. "Kidogo tu. Ni kawaida?"

Dada Fundi alimsikia vizuri. Linki, kile kifimbo kinachounganisha stabilaiza na mguu, ikiisha hupiga kelele, lakini haivuti gari. Kitu kinachovuta gari wakati wa breki ni kitu kinachosogea mahali kisipopaswa kusogea. Alitakiwa aseme, zima gari, shuka, leta funguo. Maneno yalifika hadi kwenye ulimi. Badala yake akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mwambie mumeo. Yeye si ndiye fundi wake?"

Mdogo wake alimtazama kidogo, kama mtu aliyekanyagwa na asijue kama ni kwa makusudi. Akaondoka.

Saa nane mchana simu ikapigwa. Mdogo wake alikuwa akiteremka mteremko wa sokoni, mtoto akavuka ghafla, akakanyaga breki, na usukani ukamponyoka kuelekea kushoto. Hakumgusa mtoto. Alipanda ukingo wa mtaro, akaangusha kibao cha muuza vocha, na viti vya plastiki vikatawanyika barabara nzima. Alikuwa mzima. Muuza vocha alikuwa mzima. Alichosema mdogo wake mwisho ni, "Dada, nilikuuliza."

Dada Fundi aliweka simu mezani. Alinawa mikono, akavua aproni, na akaenda kwa miguu hadi gereji yenye vigae.

Pikapu ilikuwa tayari juu ya lifti, magurudumu yakining'inia hewani. Kompyuta alikuwa chini yake na tochi, ovaroli yake imeingia vumbi kwa mara ya kwanza machoni pa Dada Fundi. Mzee alikuwa ameketi kwenye sofa, mikono juu ya fimbo, akiangalia sakafu.

"Shikamoo, Baba," akasema.

Mzee hakuinua kichwa. Dada Fundi aliona ni hasira, akaona anastahili.

"Shemeji, karibu," Kompyuta alisema akitoka chini ya gari. "Sioni kitu. Nimetikisa tairi juu chini, kulia kushoto, halichezi hata kidogo. Nimebana kila nati. Wiki tatu nahangaika na mguu huu, nakwambia kweli, nimechoka."

Kama angejivuna, ingekuwa rahisi. Lakini alisema vile alivyokuwa, macho mekundu, na Dada Fundi akaona aibu ya kuimba kwake siku zile zote.

"Unalikagua likiwa limening'inia," akasema. "Juu ya lifti miguu haina uzito, kila kitu kinakaa mahali pake kwa adabu. Tatizo linatokea gari likiwa limesimama kwa miguu yake. Mimi nina shimo. Tulilete kwangu."

Alisema hivyo kwa nia njema, na bado, pikapu ilipokata kona kuingia kwenye uwanja wake, ikivutwa polepole na gari la Kompyuta, alifurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichoibwa. Hata alitupa yale matambara kwenye kiti cha bati kabla mzee hajashuka.

Walilisimamisha juu ya shimo, wakaweka vizuizi nyuma ya magurudumu. Kompyuta alisimama kwenye bampa la mbele, akawa analirusha gari juu chini kwa uzito wake. Mzee alikaa kwenye usukani akikanyaga na kuachia breki. Dada Fundi akashuka shimoni na taa, akashika linki ya kushoto kwa kiganja chote, akisubiri kuhisi ile ngo ikipita mkononi.

Ngo, gari likasema. Linki ilikuwa imetulia kama jiwe.

Akahamia boljointi. Kimya. Akashika tairodi ya usukani, akashika shokapu mpya. Mlio ulikuwa unatoka kila mahali, unasafiri kwenye chuma cha chesisi, na kila alipousogelea unahama. Alifumba macho kama baba yake, akasikiliza, na jibu lilikuwa lile lile, linki, wakati mkono wake ulikuwa juu ya linki na linki haina kosa. Wiki tatu alikuwa amemcheka mtu kwa kutojua jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua.

"Vipi huko?" Kompyuta akauliza kutoka juu.

Angeweza kudanganya. Alifikiri hata kuifungua ile linki kwa ajili ya kununua muda. "Si linki," akasema mwishowe. "Sijui ni nini."

Akasikia mlango wa gari ukifunguliwa, kisha fimbo, kisha viatu vya mzee kwenye ngazi ya shimo, hatua moja moja, na magoti yale yakilalamika.

"Baba, usishuke, utaumia."

Mzee aliendelea kushuka.

"Baba, nimesema usishuke."

"Hakusikii ukiwa nyuma yake," Kompyuta alisema kutoka juu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana na wote. "Mguse bega."

Dada Fundi alisimama na taa mkononi. Mzee alimpita, akageuza uso, akamwona jinsi anavyomtazama, na akajua kwamba siri imetoka. Aliinua mkono, akatoa ishara kwa Kompyuta arushe gari, na yeye akagandamiza vidole vyake kwenye chuma, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Alipita juu ya boljointi. Alipita mkono wa chini, ule unaoshikilia gurudumu na kuliunganisha na chesisi, akaufuata hadi ndani kabisa, kwenye bolti kubwa inayoupitia mwisho wake. Hapo vidole vikatulia.

"Tena," akasema.

Gari likarushwa.

"Hii hapa. Njoo uweke mkono."

Dada Fundi aliweka vidole kando ya vidole vyake, nusu kwenye kichwa cha bolti, nusu kwenye chesisi. Gari lilipokwenda chini, bolti iliruka, upana wa ukucha tu. Nati ilikuwa imebanwa na kutu hata spana isingeitingisha, ndiyo maana kila aliyeijaribu aliiona ni nzima. Lakini tundu lenyewe la chesisi lilikuwa limelika, limekuwa refu kama yai. Mkono mzima wa gurudumu ulikuwa ukisogea kila breki ilipofungwa.

"Tangu lini husikii?" alimuuliza, safari hii akimtazama usoni.

"La kulia lilikwenda zamani. Hili la kushoto linanichagulia maneno. Mwaka na nusu."

"Na yeye anajua."

"Anajua kwa kuwa nilimjibu mteja wake upuuzi siku moja, akagundua. Nikamkataza asiseme."

"Ukamkataza asiniambie mimi."

Mzee aliegemea ukuta wa shimo, ule ukuta mweusi wa mafuta waliousugua pamoja kila mwisho wa mwaka. "Wewe nilikufundisha kusikiliza, mama. Ungeleta gari, ungeniambia, Baba, inatokea wapi? Ningekwambia nini? Yule haniulizi mimi. Anauliza mashine yake. Pale nakaa, nakunywa chai, hakuna anayengoja ninyooshe kidole."

Dada Fundi alitaka kumwambia mambo mengi. Alitaka kumwambia kuhusu kiti cha bati, kuhusu kusimama getini akihesabu milio. Alichosema ni, "Na hii pikapu je?"

"Mume wa mdogo wako ndiye aliyesikia mlio, si mimi," mzee akasema kwa uchovu. "Mimi niliuhisi kwenye usukani. Ningekuletea wewe, jambo la kwanza ungetaka tuusikilize wote wawili."

Kweli angetaka. Alijijua.

Ile bolti iliwatoa jasho mchana mzima wa siku iliyofuata. Waliipasha moto, wakaigonga, wakaimwagia mafuta, ikagoma, na mwisho Kompyuta akaikata kwa msumeno wa umeme huku cheche zikimtoboa mikono ya ovaroli. Bushi ilikuwa imeshikana nayo kama vidole vya maiti. Mchomeleaji wa jirani aliweka vipande vya chuma kipya pande zote mbili za lile tundu lililolika, wakatoboa upya, wakaweka bushi mpya na bolti mpya. Kompyuta alitaka kukaza nati gari likiwa bado kwenye jeki. Dada Fundi akamzuia.

"Lishushe kwanza. Ukikaza mguu ukining'inia, bushi inajipinda, na baada ya miezi miwili unaanza upya."

"Hilo sikufundishwa," Kompyuta akasema, akalishusha.

Magurudumu yaliyokuwa yamehama yalinyooshwa kwenye gereji ya vigae, kwa kuwa mashine ya kazi hiyo ilikuwa huko tu. Dada Fundi alikwenda kutazama. Namba za kijani zilipojipanga kwenye kioo aliona ni mashine nzuri, akakubali moyoni, na kukubali kwenyewe kukamchoma kidogo.

Kwa mdogo wake alikwenda jioni ile, akamkuta anahesabu viti vilivyovunjika miguu.

"Ulijua gari ni bovu," mdogo wake alisema bila kugeuka.

"Nilijua si salama. Nilikuwa na kijiba cha roho na mumeo. Nisamehe."

"Kwa ajili ya Baba?"

"Kwa ajili ya Baba."

Mdogo wake alipanga viti vitatu zaidi. "Wewe ulikuwa naye shimoni miaka yote ile. Mimi nilikuwa nabaki nyumbani napiga pasi ovaroli zenu. Unadhani mimi sikuwa na kijiba?" Akamsukumia kiti kizima kimoja. "Kaa. Bado nimekasirika, lakini kaa."

Wiki iliyofuata walimpeleka mzee hospitali kupimwa masikio. Kompyuta ndiye aliyeendesha, kwa ile pikapu, na tuta baada ya tuta mguu wa mbele ulikaa kimya. Mzee aliweka kiganja juu ya dashibodi njia nzima, akatikisa kichwa kuashiria ameridhika. Wawili hao walikuwa na ishara zao walizozizoea katika mwaka na nusu, kidole kimoja kwa chai, viwili kwa twende, na Dada Fundi, aliyebanwa karibu na mlango, alizitazama akijaribu kuzishika zote kichwani.

Muuguzi alitoka na faili, akamwita mzee, akasema aingie na mtu mmoja tu wa kumsaidia kujibu maswali. Kompyuta alisimama, kwa mazoea tu. Dada Fundi naye alikuwa ameshasimama. Walitazamana. Kompyuta ndiye aliyekaa, akachukua gazeti lililokuwa kwenye benchi.

Dada Fundi alimshika baba yake mkono wakaingia. Alijua shemeji amemwachia nafasi kwa ustaarabu, na alijua kwamba furaha iliyomjaa kifuani haikuwa ya ustaarabu hata kidogo. Hakuirudisha. Mlango ulipofungwa, daktari alivuta kiti na kuuliza tatizo lilianza lini, na Dada Fundi alipofungua mdomo kujibu alikumbuka kwamba la kushoto aliambiwa, lakini la kulia hajui lilianza lini. Akamgusa baba yake begani, akasubiri ageuke.